Rosaire na Mama Aliyejua Kazi za Nchi Nzima

Rosaire Michaud hakuwahi kuomba kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimtafuta. Huku kwetu Bondeni, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Amerika, viazi vikikomaa hata shule hufungwa ili watoto waingie mashambani, na Rosaire aliingia kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Viazi vikiisha alikwenda msituni kukata miti, theluji ikiyeyuka akarudi kwenye lori. Mtu mzima akionekana amekaa barazani mchana, huku tunamuuliza kama anaumwa, na Rosaire ndiye aliyekuwa akiuliza kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha akateleza juu ya lori la viazi, akaangukia mgongo. Walimtia vyuma wakamshona, lakini tangu siku ile maumivu humjia bila hodi. Yakimshika hulala chali sakafuni, popote alipo, mpaka yamwachie. Paka wao amezoea kumruka. Solange, mkewe, naye humruka na kikaango mkononi, akiwa katikati ya kupika chapati zetu za ployi, na humtania, "Siku moja nitakupigia deki hapo hapo, mzee."

Mafao ya ulemavu aliyoomba yalikataliwa, akakata rufaa, yakakataliwa tena. Sasa lilibaki shauri mbele ya hakimu, na wote wawili walijua kwamba likishindikana hilo, nyumba aliyoijenga baba yake Rosaire inauzwa. Waliendesha gari hadi mjini bila kuongea sana.

Wakili wao alikuwa Noëlla Bouchard, binti wa jirani yao. Aliwangoja mlangoni.

"Mjomba Rosaire, nakuomba sana. Hakimu akikuuliza unaendeleaje, usimwambie si haba."

"Sasa nimwambie nini?"

"Ukweli."

"Ukweli ni si haba."

Solange akamfinya. Na huo ndio ugonjwa wetu Bondeni. Mtu amekatwa mguu na msumeno, ukimjulia hali anakwambia si haba.

Chumba kilikuwa kidogo, chenye bendera, meza ndefu, na spika ya simu katikati ya meza. Ndani ya spika ikatoka sauti ya mama mmoja, Bibi Lundgren, mtaalamu wa ajira wa kumshauri hakimu, aliyekuwa mbali huko Minnesota na takwimu za serikali mbele yake.

"Huyu mama anafanya nini?" Rosaire alinong'ona.

"Anajua kazi zote za Amerika," Solange akamjibu.

"Zote?"

"Nyamaza."

Rosaire akavua kofia, akaigeukia spika na kuketi wima, kama mtu aliyetembelewa na askofu sebuleni.

"Mama, tuchukulie kuna mtu," akaanza Hakimu Whitcomb. "Ni mtu wa kufikiria tu. Ana miaka arobaini na saba, shule aliiacha mapema. Hawezi kunyanyua zaidi ya galoni ya maziwa. Hawezi kuinama, hawezi kupanda ngazi, na kusimama kwa muda ndiyo kabisa."

Rosaire alimsikiliza mtu yule akiumbwa kiungo kwa kiungo, akamwonea huruma. Alikuwa karibu kusema "Masikini, mtoto wa watu!" ndipo alipotambua kwamba anayesemwa ni yeye.

"Kazi zipo, Mheshimiwa," sauti ikasema. "Kukagua vioo vya miwani. Kuchambua karanga. Zote ni za kukaa. Kwa nchi nzima ni kama elfu tisa."

Elfu tisa! Rosaire alishikwa na butwaa. Maisha yake yote alidhani kazi ni ile inayotoa jasho, kumbe mahali fulani kuna watu elfu tisa wameketi kwenye mwanga mzuri, wanainua kioo, wanakitazama, wanakiweka chini, jioni wanakwenda kwao wakiwa wamefanya kazi. Furaha ikamjaa, akasimama ghafla.

"Wapi, mama? Hizo karanga ziko wapi? Mimi Jumatatu naanza!"

Noëlla alifunika uso. "Rosaire, kaa chini, Mungu wangu!" Solange akapiga kelele.

Hakimu hakukasirika. "Bwana Michaud, sheria haiulizi ziko wapi, wala kama watakuajiri. Inauliza kama zipo. Zikiwepo, mafao hakuna."

"Yaani zipo, ila hakuna wa kunionyesha mlango?"

"Ndivyo."

Rosaire akatikisa kichwa. Hakujua kama nchi yake ni kubwa kiasi hicho. Lakini alikuwa amesimama kwa pupa, na mgongo haukumsamehe. Maumivu yakamshika, Solange akamdaka, akamlaza taratibu kwenye zulia.

"Endeleeni tu, nawasikia," akasema kutoka chini, jasho likimtoka. "Si haba."

Noëlla alimtazama, kisha akaigeukia spika. "Mama, ni mtu yule yule. Ongeza jambo moja. Kila siku, saa yoyote, bila taarifa, maumivu humlaza chini."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa huko Minnesota.

"Hapo hakuna kazi."

"Hata ya karanga?" Rosaire akauliza.

"Mjibu," akasema hakimu.

"Hata ya karanga. Nchi nzima, hakuna hata moja."

Hakimu aliandika, akaweka kalamu chini. "Sitakungojesha barua ya posta, Bwana Michaud. Mafao utapata." Akazima kinasa sauti.

Solange alilia na kucheka, akambusu Noëlla mashavu yote mawili. Nyumba imepona. Rosaire alibaki chali, akitazama dari. Nchi nzima, bahari hadi bahari, viwanda vyote na maghala yote na ofisi zote, na yule mama kazipita zote kwa ajili yake! Alishika mguu wa meza, akajivuta mpaka kwenye spika.

"Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Umeangalia kila mahali?"

Kwa miaka yote ya kazi yake Bibi Lundgren alikuwa akijibu habari za mtu wa kufikiria tu. Akaweka takwimu zake kando.

"Kila mahali, Bwana Michaud. Pole sana."

"Asante kwa kunitafutia," akasema Rosaire, akavaa kofia yake.