Macho Yangu Siku ya Wageni wa Mahari

Ukipita Donholm, tazama mageti. Yale mazito, yenye maua ya chuma juu na simba katikati, mengi yametoka mikononi mwangu. Shule niliachia darasa la sita, na sijawahi kuketi mbele ya mtu nikiomba kazi ya ofisi. Nilianza kwa kuwashikia watu vyuma Kariobangi. Leo karakana ni yangu, mitambo ni yangu, na mafundi wakiniona nikiingia wanapunguza redio. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani alikuja kufichwa chumbani mwake kama sufuria iliyoungua.

Macho ndiyo yaliyonifikisha huko.

Yalianza polepole. Asubuhi naamka kope zimegandamana, inabidi nizitenganishe kwa vidole. Kwenye mashina ya kope kuna magamba madogo, kama mba ya kichwani. Nikifumba macho, nahisi mchanga. Nikifumbua, upepo unachoma. Halafu ule wekundu. Ule ukingo unaoota kope ulikuwa mwekundu na umevimba, ukiniona ungesema nimetoka kulia, au nimetoka mahali pengine pabaya zaidi.

Sisi wa kuchomelea vyuma tuna dawa yetu. Fundi akiutazama moto bila kioo, macho yanamwaka baadaye, basi anakata kiazi kibichi vipande vyembamba, anavilaza juu ya macho na kujinyoosha. Kariobangi nzima inajua hilo. Na mimi nikakata viazi, siku baada ya siku, mpaka mke wangu akauliza, "Baba watoto, hivi viazi ninunue vya macho au vya kupika?"

Viazi havikusaidia kitu. Na mafundi wangu ndio walionitangazia kwa nini, bila kujua kwamba nimesimama nyuma ya mabati.

"Umemwona bosi leo? Keroro ya jana ilikuwa kali."

"Wacha uongo, mzee hanywi pombe. Ni moto wa kuchomelea."

"Moto gani? Mara ya mwisho kushika mtambo ilikuwa lini? Huyo siku hizi anashika simu tu!"

Wakacheka, na cheko lile likanipata pabaya, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani. Moto nilikuwa sijauona kwa miaka. Na pombe mimi siijui ladha yake. Mimi ni mzee wa kanisa, nimekuwa nikijisifu kwa hilo mbele ya watu, na kuna mafundi nimewafukuza kwa harufu tu. Sasa kila asubuhi natembea na sura ya mtu aliyelala mtaroni. Jumapili nikipitisha kikapu cha sadaka, naangalia viatu vya waumini.

Binti yangu wa kwanza, aliyesomeshwa na mageti hayo hayo mpaka chuo, ndiye aliyenipeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa msichana wa rika lake. Alinichungulia kwa taa, akasema jicho lenyewe ni zima, shida iko kwenye kope. Kuna vitundu vidogo vya mafuta pale ukingoni, mafuta yameganda, vimeziba, na ngozi imevimba. Nichukue kitambaa safi, nikichovye kwenye maji ya vuguvugu, nikilaze juu ya macho yaliyofumbwa, kikipoa nichovye tena. Halafu nisafishe mashina ya kope taratibu kwa pamba, na maji yaliyochemshwa yenye tone la sabuni ya mtoto, ile isiyochoma macho. Taulo langu liwe langu peke yangu. Na nisisugue.

"Kila siku, baba," akasema.

"Mpaka lini?"

"Kila siku tu."

"Mpaka ipone, si ndiyo?"

"Haiponi ikaisha kabisa. Inatulia, ukiitunza."

Nikaitikia, lakini moyoni nikamdharau. Kazi yangu haiendi hivyo. Geti likirudi karakana mara ya pili, maana yake fundi aliharibu mara ya kwanza. Kutu haibembelezwi kila asubuhi. Kutu unaikwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, unapaka rangi ya kuzuia kutu, na biashara imekwisha. Nikasema nitafanya mara moja, vizuri, kama fundi.

Nilijifungia bafuni. Nikachukua mswaki mpya na sabuni ya kipande, ile ya kufulia, nikasugua kope zangu. Machozi yalitoka, nikafurahi, nikadhani uchafu unatoka. Nilisugua mpaka kila gamba likaondoka. Kwenye kioo nilijiona safi, mwekundu kidogo, na nikajipongeza kwa sauti.

Kesho yake jicho la kushoto lilikataa kufunguka. La kulia lilibaki ufa mwembamba. Na hiyo ndiyo ilikuwa wiki ambayo wageni wa mahari walikuwa wanakuja kwa ajili ya binti yangu yule yule.

Alifika jioni kusaidia mama yake na maandalizi. Alinitazama, akaweka mikoba chini, akaketi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Na nini?"

Sikumwambia. Mke wangu alimwambia, kwa kuinua ule mswaki tu.

Binti akasema, akiangalia mikono yake, "Baba, nimeongea na baba mdogo. Atakaa kwenye nafasi yako. Tutasema hujisikii vizuri."

Baba mdogo ni ndugu yangu anayenifuata, mtu wa ofisi ya reli, mtu wa tai na sauti ya chini. Nilihisi kama mtu amenivua shati barabarani.

"Mimi ndiye baba yako. Na unajua sinywi."

"Mimi najua. Wao hawajui. Baba, pombe iliwavunjia nyumba, hawataki hata kusikia harufu yake. Shangazi wa mchumba wangu alishamwambia, akiona mlevi kwetu, wanageuza gari. Nitawaambia nini? Kwamba ulisugua macho na mswaki?"

Mtu anayejibu wenye nyumba, wakandarasi na askari wa kaunti, nikakubali.

Siku zilizobaki nilifanya alivyosema daktari. Mke wangu alinichemshia maji, akaacha yapoe mpaka anaweza kuyavumilia kwa ndani ya mkono, kama anavyopima maji ya mtoto. Nililala chali kitambaa kikiwa usoni. Nilipangusa kwa pamba, kila jicho na pamba yake. Vidole vyangu ni vinene na vina makovu, havijazoea kugusa kitu bila kukilazimisha, kwa hiyo nilishika pumzi nikipangusa. Uvimbe ulishuka. Macho yakafunguka. Wekundu ulibaki pale pale, ukinisubiri.

Siku yenyewe nilivaa suti. Sijui nilimvalia nani. Wageni walipoanza kupiga honi getini, geti langu mwenyewe, niliingia chumba cha kulala, nikafunga mlango, nikavua koti, nikajilaza na kitambaa changu. Nilisikia ndugu yangu akiwakaribisha kwa ile sauti yake ya chini. Nilisikia mgeni mmoja akiuliza, "Na baba mwenyewe?" Nikasikia binti yangu akisema, "Hajisikii vizuri." Kila mtu huku kwetu anajua mwanamume asiyejisikia vizuri siku kama ile anaumwa na nini.

Bafu liko mkabala na chumba chetu. Mlango ulifunguka, nikadhani ni mke wangu.

"Kimepoa hiki," nikasema. "Niletee maji mengine."

"Uwi!" ikajibu sauti nisiyoijua.

Niliketi ghafla, kitambaa kikaanguka mapajani. Mlangoni alisimama mama mnene wa makamo, kilemba cha manjano, mkono mdomoni. Shangazi wa bwana harusi. Kwa desturi zetu mkwe haingii chumba cha mkwe wala haoni kitanda chake. Na huyu alikuwa ameona kitanda, na juu ya kitanda mimi, bila koti, macho mekundu, uso unachuruzika maji.

"Nilitafuta choo," akasema. "Mungu wangu, nimeona kitanda cha mkwe."

Halafu aliniona macho, na uso wake ukabadilika. Woga ulitoka, ikaingia hasira.

"Kumbe ni kweli. Saa hizi za asubuhi?"

"Si pombe, mama. Ni ugonjwa wa kope."

"Wote huwa na ugonjwa."

Kilichofuata sitakisahau. Yule mama, kwa kuwa kosa alishalifanya, alipiga hatua mbili, akainama, akaninusa. Aliusogeza uso wake karibu na mdomo wangu, mimi, mzee wa kanisa, mwenye karakana, akavuta pumzi kama mtu anayejaribu maziwa kama yameganda. Sikusogea. Nilikaa hivyo hivyo mikono magotini.

Akainuka. Akaona beseni, pamba, na chupa ya sabuni ya mtoto.

"Unanuka kama mtoto wa wiki moja," akasema polepole.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukai na wageni, useme ni ugonjwa?"

"Niliona haya."

Alinitazama kidogo. "Sasa nikiwaambia hukunywa, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, nimeingia chumba cha mkwe. Wazee wangu watanila nyama."

"Basi usiseme. Hatukuonana."

Nililisema hilo haraka, na hata leo nikilikumbuka nafunga macho. Nilikuwa tayari binti yangu aolewe akihesabiwa mtoto wa mlevi, mradi tu mimi na mswaki wangu tusijulikane.

Alitoka, akausahau mlango wazi. Nikasikia sauti yake sebuleni ikisema, bila kuzunguka, "Wazee, nisameheni. Nimepotea njia ya choo nikaingia chumba cha mkwe. Kitanda nimekiona, aibu ni yangu. Lakini baba wa huyu msichana hakunywa. Nimemnusa."

"Umefanya nini?" mzee wao mmoja akauliza.

"Nimemnusa! Anaumwa kope. Ananuka sabuni ya mtoto."

Mzee yule akaanza kumkemea kwa lugha ya nyumbani, desturi gani hii, mwanamke mzima hajui choo, lakini kabla hajafika mbali mtu akacheka. Nilitambua lile cheko. Lilikuwa la binti yangu, kisha likageuka, likawa kilio, na mama yake akawa anamnyamazisha.

Nilivaa koti. Nilitoka. Mtu aliyezoea kuingia mahali watu wakasimama, niliingia sebule yangu nikitazama zulia. Ndugu yangu alitaka kuinuka anipe kiti, nikamkataza kwa mkono, kwa maana mazungumzo yalikuwa yameshaanza naye. Niliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Shangazi alikuwa ameketishwa mbali na wazee wake, adhabu yake. Hakuniangalia hata mara moja. Mwanamke mgeni alikuwa amejivika aibu yangu mbele ya watu wake, na mimi nilikuwa nimemwomba anyamaze.

Nilisema nilichopaswa kusema tangu mwanzo. "Ni ugonjwa wa kope. Hauponi kabisa. Na huu uvimbe niliuongeza mwenyewe, nilisugua na mswaki."

Walicheka, wote, hata yule mzee. Niliacha wacheke.

Chakula kilipoletwa, binti yangu alizunguka na jagi na beseni akinawisha watu mikono, wageni kwanza, wazee, ndugu yangu. Aliponifikia mimi, alirudi jikoni, nikadhani ameniruka. Akaja na jagi jingine. Maji yalikuwa ya vuguvugu, na mkononi alishika kitambaa kipya, kikavu, hakijatumiwa na mtu.

"Hiki ni chako peke yako, baba," akasema kwa sauti ya chini.

Bado nafanya hivyo kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana. Kitambaa, maji, pamba. Binti hupiga simu kutoka kwake: "Umekanda?" Nami najibu nimekanda. Mlango wa bafu bado naufunga. Lakini mafundi wakiniuliza ninachelewa wapi, nawaambia.