Amana ya Vyura

Dereva wa gari la kunyonya maji taka aliitwa Manukato, na jina hilo alipewa na watu ambao hawakumtakia mabaya. Alikuwa msafi kupita kiasi. Akitoka kazini alioga uani, akabadili nguo uani, akajipaka mafuta yenye harufu ya waridi, ndipo akabisha hodi katika nyumba yake mwenyewe. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, aliitikia hodi vizuri tu, ila sahani ya mkwe aliiweka karibu na dirisha, pale upepo unapotokea kwenda nje. Hawakuwa na ugomvi. Hawakuwa na la kuzungumza, basi, maana kazi ya mkwe haikuzungumzika watu wakiwa wanakula.

Siku moja aliitwa kwenye kiwanja kidogo kilichobanwa kati ya msikiti, kanisa na hekalu la Wahindu. Nyumba hizo tatu za ibada zilikuwa zimepeana migongo, na hapo nyuma, mahali ambapo kila moja iliamini ni pa mwenzake, palikuwa na dimbwi la kijani linalonuka. Mbu wake hawakubagua waumini. Imamu, mchungaji na mzee mtunzaji wa hekalu walikuwa wamemwita kwa pamoja, jambo lililokuwa halijapata kutokea, na wote watatu walikuja kusimamia.

Manukato akashusha mpira, akawasha pampu. Chura akaruka kutoka majini, akatua juu ya kiatu cha mzee wa hekalu.

"Zima kwanza, ndugu yangu," mzee akasema kwa upole. "Humu mna roho."

Akazima. Mzee akaeleza kwamba kwao uhai ni mmoja, umegawanyika tu katika miili, na anayemdhuru kiumbe asiye na hatia anajidhuru mwenyewe. Manukato alitegemea wale wengine wabishe ili yeye amalize kazi. Hawakubisha. Imamu alisema kwao nako binadamu ni khalifa tu hapa duniani, amekabidhiwa amana, na ataulizwa hata juu ya ndege aliyemuua bure, sembuse chura. Mchungaji akadakia kwamba mtu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, si aivute kwa pampu. Walikubaliana kwa furaha iliyowashangaza wenyewe, wakapeana mikono juu ya mpira wa maji taka, na dimbwi likabaki pale pale likinuka.

Manukato akauliza, kwa adabu, habari ya mbu.

Hapo mjadala ukapamba moto. Mzee wa hekalu alisema yeye mbu hamuui, humwomba aondoke. Mchungaji akataka kujua mbu hujibu nini.

"Wengine huondoka," mzee akasema. "Wengine huwa hawajamaliza."

Imamu akakata shauri: mtu asidhuru wala asidhuriwe. Dimbwi liondoke, ila wenyeji wake wahamishwe kwa heshima. Swali likawa wahamishiwe wapi. Imamu angewachukua kwa moyo mkunjufu, lakini watu wangetawadhaje na vyura miguuni? Mchungaji alikuwa na tangi la ubatizo, ila Jumapili palikuwa na watu wa kuzamishwa. Mzee alikuwa na bakuli la shaba. Kila mmoja alikuwa tayari kubeba jukumu, mradi jukumu lisiwe na miguu. Mwisho wote wakamgeukia Manukato.

"Amana hupewa mwaminifu," imamu akasema.

"Amina," mchungaji akaitikia.

Maishani mwake Manukato hakuwahi kusifiwa na mtu mmoja wa Mungu, seuze watatu kwa mpigo. Kifua kikamjaa, akakubali kabla akili haijafika. Akakunja suruali, akaingia dimbwini kukamata vyura mmoja mmoja huku viongozi wakimshikia ndoo na kumwonyesha waliojificha. Jioni vyura walikuwa nyumbani kwake, ndani ya beseni kubwa ambalo mama mkwe alilitumia kufulia mashuka.

Mama mkwe akatoka uani, akasimama mikono kiunoni.

"Ni nini hiki?"

"Ni amana, mama."

"Ya nani?"

"Ya Mungu. Kupitia kamati."

Mama mkwe akawatazama vyura, nao wakamtazama. "Mgeni siku mbili, baba," akasema. "Siku ya tatu mpe jembe. Hawa utawapa jembe gani?"

Jembe halikuhitajika, kwa kuwa wageni walileta wageni. Waumini wa pande zote walianza kupita kukagua amana yao. Waliotoka msikitini walipima kama maji yanatosha bila israfu. Kina mama wa kwaya waliwaimbia vyura wimbo mzima. Vyura walinyamaza wakasikiliza, kisha wakajibu kwa sauti iliyofunika kabisa mlio wa cherehani ya mke wa Manukato, mshonaji wa mapazia, naye akatia pamba masikioni akaendelea kushona. Kijana mmoja aliuliza vyura wa kwao ni wepi. Mama mkwe akamwambia chura hana shehe wala mchungaji, asogee, anawazibia hewa.

Tangu hapo yeye ndiye aliyekaa mlangoni mwa ua na kigoda chake. Aliwafukuza waliowatupia vyura mikate, akawapangia zamu waliobaki. Na kwa sababu maji ya beseni yalihitaji kubadilishwa, na mjuzi wa maji pale nyumbani alikuwa mmoja, ikambidi azungumze na mkwe wake. Alianza na maji ya vyura. Siku nyingine, wamekaa kando ya beseni, akauliza jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuliuliza.

"Hayo unayoyavuta majumbani kwa watu, unayapeleka wapi?"

Manukato akamwambia. Akamweleza habari za mabwawa nje ya mji, jinsi maji yanavyotoka bwawa hili kwenda lile, yakitulia, yakisafika, mpaka la mwisho ambamo bata huogelea. Chai ya mama mkwe ikapoa mkononi.

"Kumbe unauosha mji mzima," akasema, "halafu sisi tunakuogesha uani kama mbuzi."

Manukato akainama kuokota chura ambaye hakuwa ameanguka.

Dimbwi lenyewe alilinyonya wiki hiyo hiyo. Chini yake yakaonekana mabomba matatu yaliyopasuka: moja la maji ya udhu, moja la tangi la ubatizo, moja la maji ya kuoshea ngazi za hekalu. Viongozi walisimama, kila mmoja akiyachunguza mabomba mawili yasiyo yake.

"Basi wale vyura tumewazaa sisi," mzee wa hekalu akasema hatimaye.

Wakaona haya, na haya ikawatia nguvu. Mabomba yakatengenezwa, na waumini wa pande tatu wakachimba pale pale kidimbwi cha mawe kwa ajili ya maji safi ya mvua. Kisha wakaenda kudai vyura. Mama mkwe akawazuia mlangoni.

"Amana hurudishwa kwa mwenyewe," akasema. "Mmesema wenyewe kwamba mwenyewe ni Mungu. Akija nitampa."

Viongozi waliondoka wakijadiliana, na mpaka walipofika barabarani hakuna aliyekuwa ameona kosa katika hoja hiyo.

Manukato hakubishana naye. Alimwonyesha tu vyura waliokuwa wakipanda ukingo wa beseni na kuteleza, wakipanda na kuteleza. Mama mkwe akaangalia kwa muda, akajifunga kanga vizuri, akapanda gari la maji taka, akakaa mbele na beseni mapajani.

Kidimbwini kila kiongozi alikuwa ameandaa dua fupi. Vyura hawakungoja. Wengi waliingia majini, baadhi wakaelekea barabarani, na mmoja akaingia kwenye viatu vilivyopangwa nje ya msikiti, akazua tafrani. Mama mkwe alitangaza kwamba upande wa magharibi hauna kivuli na hataondoka mpaka kiwekwe. Akaletewa kiti.

Manukato alikuwa ameitwa kwenye shimo la choo lililofurika upande wa pili wa mji. Akawasha gari, akawaacha wakibishana kama waongeze samaki, na kama samaki akimla kiluwiluwi, nani ataulizwa.