Kona ya Leso na Ndengu

Juzi nilishuka Machakos, nikaenda pale soko letu dogo lilipokuwa, na weh! Ni ghorofa na vioo tupu. Nikasimama kando ya barabara nikicheka peke yangu, maana nilikumbuka jinsi nyanya alivyoipinda laini nzima ya vibanda.

Miaka hiyo ya tisini nyanya aliuza ndengu na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa. Ubavuni mwake alikuwa baba mmoja Msomali, muuza leso. Ijumaa ilikuwa siku ya soko, watu wanafurika, lakini adhuhuri ikifika jirani lazima aende msikitini. Nyanya anabaki akimuuzia leso zake. Jumapili nyanya yuko misa, jirani anawapimia wateja wake ndengu. Mimi nililelewa katikati yao, muthokoi kwa nyanya, anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya iliki kwa jirani, na tumbo langu halikuwahi kulalamika.

Kisha baraza la mji likaamua kujenga soko upya. Kijana wa mipango akaleta ramani: nafaka juu, nguo chini karibu na geti. Jirani akaelezwa kwamba yeye na nyanya watatenganishwa. Alisema afadhali aache biashara kuliko kuacha swala. Nyanya akasonya. “Mungu hana ugomvi na Ijumaa wala Jumapili,” akasema. “Shida ni hiyo karatasi.”

Kwa bahati kijana alirudi kupima siku ya Ijumaa, akataka kumnunulia mamake leso. Akamkuta nyanya ametanda leso mabegani, anazisifu.

“Mwenye duka ako wapi?”

“Ni mimi. Leo ni Ijumaa.”

“Si wewe ni mama wa ndengu?”

“Hata ndengu ni zangu. Sasa ukinipeleka huko juu, huyu mwenzangu atasali ama atauza? Chagua wewe, mtoto wangu. Kalamu uko nayo.”

Kijana aliketi juu ya gunia, akatoa raba, akafuta mstari kwenye ramani. Soko lilipofunguliwa, laini ya nafaka ilikata kona ya ajabu mpaka kwenye nguo, na vibanda vyao viligusana hapo. Watu walisema fundi alikuwa amelewa. Jina la kijana yule sikulijua, lakini namshukuru mpaka leo. Kona yenyewe imebomolewa pamoja na mengine yote, na tunaoikumbuka tumebaki wachache.

Kabla haijabomolewa, Ijumaa ya kwanza baada ya kumzika nyanya, nilimkuta jirani amesimama mbele ya leso zake, adhana inaita, kufuli mpya mkononi. Hakuwahi kufunga kibanda mchana maisha yake yote.

“Enda usali, baba,” nikamwambia. “Niko.”