Mpimaji na Kichupa cha Zambarau

Mpimaji wa maabara pale Chake Chake kila kichupa hukiinua dirishani kwa vidole viwili, na akiwa na shaka hujikuna sikio kwa kalamu. Asubuhi hiyo ya mwaka 1960 alijikuna sana. Mkojo wa Bi Kazija, ulipotiwa dawa ya kupimia, ulikuwa umegeuka zambarau, dalili kwamba serotonini, kemikali ya ubongo na matumbo, imezidi, labda kwa uvimbe, na daktari keshaandika barua akapasuliwe Unguja.

“Bi Kazija, jana ulikula nini?”

“Ndizi, mwanangu. Asubuhi ndizi, mchana ndizi. Sie watu wa Kiuyu, tule nini?”

Mpimaji akacheka mpaka miwani ikamwanguka. Ndizi zina kemikali hiyo hiyo!

“Barua ingoje. Kaa siku tatu bila ndizi, tupime tena.”

“Siku tatu?” Bi Kazija akashika kichwa. “Basi nipasueni!”