Shikuku Amepasua Grinihausi Yangu

Jamani, leo mfanyakazi wangu amepasua grinihausi akatorokea nje!

Asubuhi nimeandika mama mmoja kazi ya kuchuma nyanya.
Ameingia tu, Shikuku akashtuka. Kumbe ni mama mkwe wake!
Mlango ni mmoja, na mama amesimama hapo.
Basi Shikuku akapasua plastiki.

"Kwa mila zetu siwezi kuwa nyumba moja na mama mkwe," anasema akiwa nje.

Mama amejifunika uso na leso. "Mwambie hii ni shamba, si nyumba."

Nimwambie nini, na wanasikiana?

Hii ndiyo grinihausi ya kwanza hapa Khayega, hakuna wa kuuliza. Mvua nayo inakuja.

Nilikuwa nacheka, mpaka nikakumbuka: Jumapili mama mkwe wangu anakuja kuiona.

Wenzangu, ni nyumba ama ni shamba?