Mchanja kuni aliyedhani miti imebadilika

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mchanja kuni anainama juu ya gogo nene kama pipa, analigonga mara mbili kwa kisogo cha shoka, kisha anageuza kichwa na kutega sikio. Nyuma yake tanuri la mikate limeshawaka na moshi unapita juu ya ukuta wa ua, lakini yeye hana habari nao. Anagonga tena, safari hii upande wa pili, na uso wake unakunjuka.

"Hili linasema," anasema, bila kumtazama mtu. "Twende nalo."

Analisimamisha, anapanua miguu, shoka linapanda na kushuka mara moja tu. Gogo linaachana vipande viwili, kimoja huku kimoja kule, ndani yake pakavu na peupe. Anacheka peke yake. Ana umri wa miaka sitini na mmoja, na kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na minne, kwa hiyo ungedhani pigo kama hilo si la kuchekea. Lakini wiki tatu zilizopita mzee huyu alikuwa anatafuta maneno ya kumwambia mkewe kwamba kazi imemshinda.

Hapa uani wanamwita Dokta. Jina hilo alipewa na wakanda unga wa zamani, kwa sababu hagusi gogo kwa makali kabla ya kuligonga na kulisikiliza. Wageni humcheka. Wakishamwona mtu mwenye kifua kipana akilipiga gogo mara ishirini hadi shoka linanasa, kisha Dokta akaja kulifungua kwa mapigo matatu, kicheko huisha.

Gogo kaidi, anaeleza, linajulikana kabla hujatoa jasho. Kwanza unatazama gome. Mistari ikipanda wima, hilo ni la amani. Ikizunguka kama nguo iliyokamuliwa, jiandae. Kisha unatazama pale lilipokatwa. Nyufa zikitoka kwenye moyo wa mti hadi pembeni, mti wenyewe umeshakuonyesha njia. Na kama kuna fundo la tawi ubavuni, hulipigi hapo hata kama umekasirika. Unaanza upande wa mbali, unabandua pembeni kipande kwa kipande, hadi fundo linabaki peke yake halina pa kujishikiza.

"Lakini macho yanadanganya," anasema. "Gogo linaweza kuwa zuri usoni, ndani limejisokota. Sauti haidanganyi. Lililo tayari linalia juu, ta, ta. Kaidi linameza sauti, du. Ukisikia du, weka shoka chini, chukua kabari na nyundo."

Kabari ni kipande cha chuma chenye ncha nyembamba, kinachopigiliwa kwenye ufa ili gogo lilazimike kuachana. Nayo pia husikilizwa. Ikizama sawasawa, sauti yake hupanda kila pigo. Ikigoma na kutaka kuruka, sauti hubaki palepale, na mwenye akili zake husogea. Ndiyo maana Dokta huyahesabu masikio yake pamoja na vifaa vya kazi, tena vile ambavyo haviuzwi dukani.

Mambo yalianza kuharibika miezi minane iliyopita. Lori lilishusha kuni kama kawaida, Dokta akagonga gogo la kwanza akasikia du. La pili, du. Aligonga shehena nzima, na yote yakameza sauti. Akatazama magome, yako sawa. Akatazama nyufa, ziko sawa. Basi akafikia uamuzi ambao mchanja kuni peke yake ndiye angeweza kuufikia, kwamba miti imebadilika.

Dereva wa lori ni rafiki yake wa miaka ishirini. Dokta alimfuata mbele ya wafanyakazi wote na kumshutumu kwamba ameacha msitu wa zamani, sasa anamletea miti bubu ya kuokoteza. Dereva aliapa kwamba kuni zinatoka palepale, kwa mkataji yuleyule. Akaongeza neno la upole akiwa anaingia kwenye lori, Dokta hakulijibu, na dereva akachukulia kwamba amedharauliwa. Tangu siku hiyo lori likifika, mmoja alishusha mzigo na mwingine alitazama ukuta.

Kwa kuwa hakuyaamini tena magogo, Dokta aliyapiga kabari yote, mema na mabaya. Kazi ya pigo moja ikawa ya mapigo kumi. Yeye hulipwa kwa rundo, na siku njema alikuwa akitoa marundo matano. Baada ya miezi sita alikuwa akitoa mawili, na jioni mabega yanawaka moto. Magogo kumi na manne yaliyomshinda kabisa aliyasukuma nyuma ya banda na kuyafunika turubai, akidhani hakuna aliyeona.

Mwenye tanuri, mama mmoja wa sauti ya chini na macho yasiyopitwa na kitu, alikuwa ameona. Alinyamaza kwa heshima ya miaka. Halafu siku moja kabari iliyogoma ikaruka na kumpiga Dokta kwenye muundi. Mfupa haukuvunjika, ila ngozi ilichanika na akakaa nyumbani siku tisa. Mwenye tanuri alikwenda kumjulia hali akiwa na mikate miwili, na kabla ya kuaga akasema kwamba mwezi ukiisha itabidi atafute mtu mwingine wa kuni. Aliyasema kwa sauti yake ileile ya chini, hivyo mke wa Dokta ndiye aliyelazimika kumrudia mumewe maneno hayo, moja baada ya jingine.

"Sijawahi kupewa kazi ngumu kama ile," anasema mkewe, ambaye ni mshonaji na hufanya kazi barazani kwao.

Nyumbani nako hali ilikuwa imechafuka zamani. Kwa miezi mingi mama huyu aliamini kwamba mumewe amemnunia. Alimwita, hakuitika. Alimuuliza juu ya paa linalovuja, akajibiwa juu ya bei ya sukari. Mwisho naye akanuna, wakawa watu wawili ndani ya vyumba viwili, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kuomba radhi.

Siku ya nne ya yale mapumziko, Dokta alikuwa ameketi kitandani akifunga bandeji, mgongo kaupa mlango. Mkewe alisimama mlangoni akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba amepika nyama. Dokta hakugeuka. Akasema mara ya pili. Dokta akaendelea na bandeji yake.

"Huyu bwana, kwa nyama?" anasema mkewe, na mkono unaacha cherehani. "Hapo ndipo nilipojua si kiburi. Mume wangu hasikii."

Dokta alikana siku mbili. Sasa anakiri kwamba moyoni alishashuku mapema, ila aliogopa. Baba yake alizibika masikio akiwa na umri huohuo, na hayakufunguka tena hadi alipozikwa. Dokta alimkumbuka mzee yule akikaa pembeni ya watu, akitabasamu kila waliposema jambo asilolisikia.

"Kama ni miti, naweza kugombana nayo," anasema. "Kama ni masikio yangu, nitagombana na nani?"

Mkewe hakumngoja amalize kuogopa. Alimpeleka zahanati, na barabarani mtu aliyewahi kufanya naye kazi akapaza sauti kwamba leo Dokta anakwenda kwa daktari. Muuguzi aliyewapokea, dada mmoja asiye na haraka, alimulika sikio la kulia, akamulika la kushoto, kisha akauliza anayasafisha kwa kitu gani.

Dokta alijibu bila aibu. Gogo kavu likifunguka huacha kijiti chembamba, laini, chenye ncha ya duara, na hakuna kitu duniani kinachokuna sikio vizuri kama hicho. Wachanja kuni wote wanajua. Alichopoa kimoja kwenye mfuko wa shati ili muuguzi naye ajionee. Muuguzi alikipokea kwa vidole viwili akakitupa kwenye pipa la taka.

Ikafahamika kwamba kwa miaka yote hiyo, kila alipojikuna, Dokta alikuwa akiishindilia nta pamoja na vumbi la kuni kuelekea ndani, kama apigiliavyo kabari zake. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa kabisa. Alipewa dawa ya matone kwa siku tano, kisha akarudi kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, mkewe akiwa ameshika beseni. Kilichotoka kilikuwa cheusi na kigumu kiasi kwamba muuguzi alisema kikipelekwa tanurini kitawaka.

Kitu cha kwanza alichosikia Dokta ni tone la maji likidondoka ndani ya beseni. Kisha ndara za mtu huko nje zikiburuzwa sakafuni. Kisha mkewe, bila kupaza sauti, akimuuliza kama anamsikia. Muuguzi alikuwa anaeleza kwamba ngoma za masikio ziko nzima, kwamba hili si lile la baba yake, lakini kwa muda huo mgonjwa wake alikuwa analia na hakuna aliyemkatiza.

"Miezi minane sikuwa nimeisikia sauti yake vizuri," anasema. "Nilidhani amezeeka, amekuwa mtu wa kunong'ona. Kumbe yuko vilevile. Nilifurahi mpaka nikaona haya."

Baada ya mkewe, jambo la pili lilikuwa dereva. Dokta alimngoja langoni na kumwomba radhi mbele ya wafanyakazi walewale waliosikia shutuma. Dereva alimsikiliza hadi mwisho, akaeleza kwamba wakati wote huo hakuacha kumpigia honi ya salamu kila anapoingia, na kila mara aliyekuwa akitazama ukuta ni Dokta, si yeye. Kisha akauliza kama miti imeshajifunza kusema. Sasa wanashusha mzigo pamoja.

Jambo la tatu lilikuwa lile turubai. Dokta alilivuta mwenyewe, mchana kweupe, akagonga magogo kumi na manne moja moja. Kumi na moja yalilia ta. Yalikuwa mazima na ya amani tangu siku ya kwanza, na kabla ya chakula cha mchana yote yalikuwa kuni. Mwenye tanuri alitoka mlangoni, akalitazama rundo, akamtazama Dokta, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mtu mwingine hatafutwi tena. Safari hii hakuna aliyehitaji kumrudia maneno.

Kati ya matatu yaliyobaki, mawili yalikubali kabari. Dokta anapanga kufanya kazi miaka minne zaidi, na kila baada ya miezi sita kwenda kumulikwa masikio, vijiti amevikataa. Wakanda unga wawili ameanza kuwafundisha kugonga na kusikiliza, maana anasema elimu hii akiondoka nayo itakuwa hasara ya tanuri zima.

Limebaki gogo moja, lenye panda na gome lililozunguka mara mbili. Saa sita mchana, wengine wakiwa wameshapumzika, anaweka kabari kwenye ufa wake mwembamba na kupiga polepole, anatulia, anasikiliza, anapiga tena. Mkewe ameingia kwa mlango wa nyuma akiwa na bakuli lililofunikwa. Anasimama hatua kumi nyuma yake, anawaashiria watu wanyamaze, kisha anasema kwa sauti ndogo kwamba amepika nyama.

Dokta anaweka nyundo chini, hageuki.

"Naam," anaitika. "Ni nyama kweli, au unanipima tena?"