Matawi ya Bibi Barabarani

Vumbi la Karatu lina harufu yake, harufu ya udongo mwekundu uliokaangwa na jua, iliyochanganyika na moshi wa dizeli. Kiangazi kile nilikuwa na miaka tisa, na nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara ya kupanda Ngorongoro, kabla lami haijafika. Kila gari lililopita lilitia vumbi kwenye maziwa, kwenye uji, na kwenye kifua cha mdogo wangu Marta, ambaye hakuwa hata ametimiza mwaka. Mganga wa zahanati alimwambia mama, "Dawa nitakupa, lakini asipopata hewa safi haitatosha." Tungehamia wapi? Shamba letu lilikuwa pale pale.

Ndipo bibi, mama wa sala asiyekosa ibada ya asubuhi, alipokata matawi mabichi na kuyapanga barabarani, upande wa juu na wa chini wa nyumba yetu, kama wafanyavyo madereva gari linapoharibika. Magari yakaanza kupita polepole na vumbi likapungua. Siku ya tatu lori la maharage lilisimama, utingo akaruka chini.

"Shikamoo, bibi. Gari bovu liko wapi?"

"Marahaba. Hakuna gari bovu."

"Hakuna! Kwa hiyo tumetambaa mlima mzima kwa ajili ya majani? Au ni chakula cha mbuzi wako?"

Dereva, mtu mzima wa Singida, naye alishuka akiwa amenuna. Bibi alimchukua Marta kutoka mgongoni kwa mama, akampa dereva ampakate. "Sikiliza kifua chake, mwanangu. Kisha ukitaka, yaondoe." Dereva akainamisha sikio, akasikia pumzi ikikwaruza. Alimrudisha mtoto taratibu, akamwambia utingo, "Panda twende." Lori likaondoka kwa mwendo wa ng'ombe.

Mficha maradhi kifo humuumbua; bibi hakuyaficha. Habari zilienea kwa madereva, na hata matawi yaliponyauka, wengi walipunguza mwendo wenyewe. Bibi alikwenda kanisani kutubu kosa la kuwadanganya wasafiri. Mvua za kwanza ziliponyesha, Marta alipumua kwa raha, nasi tukapiga magoti kumshukuru Mungu.

Leo lami ipo, lakini magari ni mengi na moshi haujatuacha. Kwa hiyo nafurahi ninapoona bajaji za umeme mjini, ingawa bado ni chache. Jumapili iliyopita tulipanda moja, mimi na Marta, ambaye sasa ana wajukuu. Kijana aliyeiendesha alisema, "Babu, zamani petroli ilikuwa inanila hela yote. Siku hizi nachaji nyumbani, watoto wanakula." Marta alicheka njia nzima. Tulipofika kanisani alipanda ngazi upesi, akaniacha na mkongojo wangu, na kabla sijafika mlangoni nilisikia sauti yake ikiongoza kwaya.